Muulize Ssenga: Benki Ipi Inanifaa?

Wiki hii barua za ndoa ni mbili tu, na zote kaandika mtu mmoja. Zilizobaki zimetoka kwa mafundi na wafasiri wa Kisugu, hapa Kampala, wanaotafuta benki. Kwa Waganda, ssenga ni shangazi anayemfunda binti kabla hajaolewa. Leo, wanangu, nafunda mifuko.

*Ssenga, mimi ni fundi umeme, nakaa huku Kisugu tunapopakana na Namuwongo. Siku zote nalipwa kwa simu. Sasa nimepata kazi ya kutandaza nyaya kwenye jengo la ofisi kule Muyenga, milioni 10, na mhasibu wao anataka TIN na akaunti ya benki kwa jina la biashara. Biashara yangu haina jina, watu huniita Fundi tu. Akaunti ya mke wangu haitoshi? — Waya Moto*

Waya Moto, akaunti ya mkeo inamtosha mkeo. Mhasibu hakuonei. Kampuni iliyoteuliwa na URA, mamlaka ya mapato, kukata kodi hutakiwa kuzuia asilimia 6 ya malipo yanayozidi milioni 1. Kwenye milioni 10 yako, hiyo ni laki 6. Ikikatwa kwa TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, itahesabiwa kuwa kodi uliyokwisha kulipa. Ikikatwa kwa TIN ya mkeo, kazi umefanya wewe, nafuu kapata yeye, na hapo utaniandikia barua ya ndoa.

TIN hutolewa bure. Kijana wa kibanda cha intaneti akikutoza, jua unalipia vidole vyake. Jina la biashara lisajili URSB, ofisi ya usajili wa biashara, kisha peleka cheti, TIN na kitambulisho chako benki.

Benki ipi? Usiangalie rangi ya jengo, angalia mwendo wa pesa yako. Ya mkandarasi huingia kwa mafungu makubwa machache, halafu hutoka kwa vipande: swichi leo, kibarua kesho, boda ya kubeba mabomba keshokutwa. Kwa hiyo ada ya mwezi isikutishe sana. Kitakachokumaliza ni gharama ya kutoa, na serikali nayo hukata ushuru juu ya gharama hiyo. Uliza: kutuma kutoka akaunti hadi simu ni shilingi ngapi? Kutoa kwa wakala je? (Tangu sheria ya mabenki irekebishwe mwaka 2016, benki zinaruhusiwa kuwa na mawakala, huna haja ya kupanga foleni mjini kwa ajili ya laki moja.) Na hundi ya mteja hukaa siku ngapi kabla pesa haijaonekana? Vibarua hawangoji hundi.

Simu usiitupe, lakini ijue. Kodi ya pesa za simu ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1 ya kila muamala. Watu wakapiga kelele, na mwaka huohuo ikashushwa hadi asilimia 0.5 ya unachotoa. Kwa kiwango hicho, ukitoa milioni 10 yote kwa simu, elfu 50 ni kodi tupu, ada ya kampuni ya simu bado.

*Ssenga, natafsiri Kifaransa na Kiswahili, nilitoka Bukavu. Wateja wangu wako Ulaya, wanalipa dola. Nifungue akaunti ya dola? — Ndimi Mbili*

Inaruhusiwa, nyabo, na Kampala si ajabu. Ila akaunti ya dola ina gharama zake, na pesa ikitoka Ulaya benki za njiani nazo humega. Patana na mteja mapema nani anabeba mmego huo. Kodi ya nyumba unalipa kwa shilingi, basi siku ya kubadilisha linganisha bei ya benki na ya maduka ya fedha ya Kabalagala. Kama una kitambulisho cha mkimbizi, uliza kwanza tawi linataka karatasi gani nyingine, usije ukarudishwa mlangoni.

*Baba yangu alikuwa na pesa katika benki iliyofungwa mwaka 1999. Mimi naweka chini ya godoro. — Mlala Macho*

Mzee alikuwa na haki ya kuogopa: mwaka ule zilifungwa Greenland na Co-operative. Lakini Benki Kuu ya Uganda ilipoichukua benki ya Crane Oktoba 2016, wateja walijikuta benki ya dfcu Januari 2017, pesa zao zipo. Leo Mfuko wa Kulinda Amana hulipa hadi milioni 10 kwa kila mteja katika kila benki inayofungwa. Ukizidisha hapo, gawanya kwenye benki mbili. SACCO haimo katika mfuko huo. Godoro pia halimo.

*Ssenga, kijana wa benki kaja sokoni na mwavuli wa bure, anataka nisaini leo. — Muuza Rangi*

Mwavuli pokea, mvua ya Kisugu unaijua. Kalamu irudishe. Miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2011 ya kumlinda mteja inaitaka benki ikueleze gharama zote kabla hujasaini. Mwambie alete karatasi ya gharama hizo, uisome nyumbani. Akisema ofa inaisha saa kumi jioni, mwache aishe nayo.

Wenye matatizo ya ndoa, andikeni basi. Wiki hii mmezidiwa na mafundi.