Ombi la Kufuga Tembo Mmoja, Ipagala

Katibu Mkuu,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUFUGA TEMBO MMOJA (JIKE), KATA YA IPAGALA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Ipagala, Jiji la Dodoma, muuza vifaa vya ujenzi, mlipa kodi na baba wa familia. Kwa heshima na taadhima naomba kibali cha kufuga tembo mmoja nyumbani kwangu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, naifahamu: mnyamapori ni mali ya umma na dhamana yake iko kwa Rais. Nafahamu pia kwamba kanuni zenu zinamruhusu mtu binafsi kuanzisha bustani, shamba au ranchi ya wanyamapori akishapewa leseni. Sijaja kubishana na sheria. Nimekuja kupanga foleni kama wenzangu.

Mke wangu aliposoma rasimu aliniuliza kama barua hii inakwenda Mtumba au hospitali ya Mirembe. Nikamjibu kwamba kote ni Dodoma, posta watajua.

Wazo lilitokana na ujirani. Sisi wa Ipagala tunapakana na Nzuguni, na Nzuguni ndiko kwenye viwanja vya Nane Nane. Kila Agosti tunawaona watu wakipita kwenye mabanda ya alizeti, matrekta na ng'ombe wa maziwa bila kugeuza shingo, mbio mbio kwenda kwenye vizimba vya wanyama wa porini. Mkulima katoka Mpwapwa kuja kutafuta mbegu bora ya mtama. Anarudi nyumbani na picha ya simba kwenye simu. Simba mwenyewe kalala. Watoto wanampigia miluzi ili aamke, na baba zao wanawasaidia. Kusema kweli simba hulala sehemu kubwa ya siku hata akiwa Serengeti, ila kule hakuna anayemdai onesho. Nilipoona umati ule nikasema: biashara hii, mbona tumewaachia wengine?

Sasa nieleze mazingira ya mradi. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 30. Ukitoa nyumba, choo cha nje na banda la kuku, inabaki sehemu ya kutosha tembo kugeuka, mradi ageuke kwa utaratibu. Maji ninayo: simtank la lita 2,000. Tembo mkubwa anaweza kunywa lita 100 hadi 200 kwa siku, kwa hiyo tutakwenda sawa, familia ikikubali kuoga Jumapili. Malisho ni kama kilo 150 kila siku. Kuanzia Juni mpaka Novemba majani hapa Dodoma ni hadithi, lakini mabua ya mtama yapo, pumba zipo, na viroba vya plastiki vipo vingi sana pembeni mwa barabara.

Sakafu itakuwa zege. Hapo naomba mniamini, ndiyo kazi yangu. Nitamwaga zege la inchi sita juu ya wavu wa nondo, lipigwe plasta laini ili lioshwe kwa mpira wa maji asubuhi na jioni. Wataalamu wanasema wayo wa tembo una mto mnene wa mafuta, umeumbwa kukanyaga udongo na mchanga kwa kilomita nyingi, na kwamba akisimamishwa kwenye zege miaka nenda miaka rudi kucha zinapasuka, vidonda vinaingia usaha, viungo vinakakamaa. Wanasema magonjwa ya miguu ni miongoni mwa mambo yanayowamaliza tembo wa bustani. Inawezekana. Lakini mimi udongo siuzi. Nauza saruji.

Ndugu Katibu Mkuu, pengine mpaka hapa mmekwisha kuandaa barua ya kunikatalia. Subirini. Sijaomba jambo geni. Nimeomba kufuata viwango ambavyo tembo wetu wamekwisha kufugwa navyo, na nimejitahidi nisivishushe.

Mwaka 2009 ndama wanne wa tembo waliokamatwa porini hapa Tanzania walipelekwa Karachi, Pakistan. Tembo hapiti mpakani akiwa mfukoni mwa mtu, kwa hiyo nadhani kulikuwa na karatasi, mihuri na mtu wa kutia sahihi. Walipofika wakapewa majina makubwa: Noor Jehan, Madhubala, Malika na Sonu. Wawili waliwekwa katika bustani ya wanyama iliyo katikati ya jiji, wawili katika Safari Park ya jiji hilo hilo.

Kwenye kichwa cha barua nimeandika "jike", lakini naomba msinibane sana. Sonu aliandikwa dume. Alilishwa akiwa dume, akaogeshwa akiwa dume, mpaka mwaka 2021 madaktari wa shirika la Four Paws walipokwenda kuwapima wote wanne baada ya shauri lao kufika mahakamani, wakamkuta ni jike. Miaka 12! Mfugaji wa Kigogo anajua jinsia ya ndama wa jirani yake kwa kupita tu barabarani. Kwa hiyo ahadi yangu ni hii: nitajitahidi kumjua tembo wangu ni nani kabla ya mwaka wa 12, na nikifanikiwa nitakuwa nimeipita Karachi.

Madaktari hao hao walikuta wale wawili wa katikati ya jiji wana pembe zilizovunjika na kuoza kwa ndani. Aprili 2023 Noor Jehan, ambaye alikuwa mgonjwa kwa miezi, alianguka ndani ya bwawa la zizi lake, bwawa la zege, akashindwa kusimama. Waliletwa watu, zikaletwa mashine za kunyanyulia. Tembo akilala chini kwa muda mrefu, uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu na misuli. Tarehe 22 Aprili alikufa. Alikuwa na miaka 17.

Madhubala akabaki peke yake kwenye zizi lile zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Tembo jike porini haishi peke yake hata kwa bahati mbaya: anazaliwa kati ya mama, bibi, shangazi na dada, na anafia humo humo. Novemba 2024 ndipo alipohamishiwa Safari Park kwa wenzake, baada ya miaka ipatayo 15. Waliounganishwa hawakukaa pamoja hata wiki mbili. Mapema Desemba Sonu, ambaye wakati huo aliitwa Sonia, naye akafa, na uchunguzi ukaonyesha alikuwa na kifua kikuu. Waliobaki, Madhubala na Malika, wakaanzishiwa dawa za kifua kikuu, hizi hizi za binadamu, wakifichiwa vidonge ndani ya matunda.

Mtaniambia kwamba hiyo ni bahati mbaya ya Karachi. Nilidhani hivyo pia. Kisha nikakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science, uliolinganisha tembo wa Afrika walio katika bustani za Ulaya, kwa hao wenye pesa na madaktari, na tembo wa Amboseli, hapo ng'ambo tu ya mpaka wetu. Umri wa kati wa jike aliyezaliwa bustanini: miaka 16.9. Wa Amboseli, ukiwaondoa waliouawa na binadamu: miaka 56. Noor Jehan hakufa mapema, basi. Kwa hesabu za bustani alikufa kwa wakati wake. Sitawaahidi zaidi ya hapo, nami nina kisukari; huenda tukaondoka pamoja.

Kuhusu usalama wa majirani. Upande wa mashariki nimepakana na chekechea, na nyuma kuna mama lishe wawili na kijiwe cha bajaji. Geti nitalitengeneza mwenyewe. Ni kweli kwamba Oktoba 2011, katika jimbo la Ohio, Marekani, mtu mmoja aliyefuga wanyama wakali shambani kwake aliwafungulia kisha akajiua, na polisi wakalazimika kuwapiga risasi usiku kucha: chui milia 18, simba 17, na wengine wengi. Mimi sina mpango wa kujiua, ila uchumi ukiendelea hivi siwezi kusemea mwaka 2030.

Na wala tusiende mbali. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe waliokuwa katika bustani na kwa watu binafsi huko Ulaya waliletwa kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria, wakaachiwa huru. Ni habari nzuri, wazao wao wapo hadi leo. Lakini madume wawili waliishia kupigwa risasi kwa kushambulia watu. Sokwe wa porini akimwona binadamu hukimbia. Wale walikuwa wamekaa nasi miaka mingi, wakatujua vizuri, na hawakuona tena sababu ya kukimbia. Jambo hili nimelitafakari sana, kwa sababu tembo wangu atanijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Ikitokea ajali, naomba mwongozo. Tembo akitoka hifadhini akaingia shamba la mtu kule Chemba au Kondoa, ninyi mnamwita mnyama mkali na mharibifu, na mkulima anajaza fomu ya kifuta jasho. Akiua, familia inasubiri kifuta machozi. Je, akitoka kwangu akapita chekechea, atabaki na cheo hicho hicho? Au kwa kuwa alikuwa na leseni atahesabiwa kuwa kivutio cha utalii? Wazazi wameniuliza, nikawaambia nitaleta jibu kwa maandishi.

Faida za kielimu zipo, kama wasemavyo wenye bustani duniani kote. Mtoto wa Ipagala atalipa shilingi 1,000 na atamwona tembo kwa macho. Atamwona akiwa amesimama pale pale, akiyumbisha kichwa kulia, kushoto, kulia, kushoto, saa nzima, kama wanavyofanya tembo wengi waliofungiwa mahali padogo bila la kufanya. Mtoto atadhani anacheza muziki na atampigia makofi. Nitaweka na spika.

Mnaweza kuwa na hofu kwamba nitamuuza nje. Hofu yenu ina historia. Novemba 2010 ndege ya jeshi la Qatar iliondoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na wanyama na ndege hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne. Twiga! Mnyama ambaye hata ukimficha nyuma ya ghala shingo inabaki juu inawasalimia polisi. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu mtu mmoja miaka 60 jela, naye wakati huo alikuwa amekwisha kutoroka dhamana. Mwaka 2016 mkafunga biashara ya kusafirisha wanyama hai. Juni 2022 ikatangazwa kwamba itafunguliwa kwa miezi sita ili wenye wanyama waliobaki wamalize shehena zao. Wananchi wakapiga kelele, na waziri akasitisha. Kati ya hapo, mwaka 2019 huko Geneva, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana tembo wa porini wa Afrika wasipelekwe kwenye bustani za mbali, ila katika hali za kipekee. Mimi sina ndege ya jeshi wala rafiki Doha. Nina kirikuu moja, na gari lenyewe linabeba mifuko 15 ya saruji kwa shida. Tembo wangu hatatoka Ipagala.

Wapo watakaowakumbusha habari ya Saanane, kile kisiwa cha Mwanza kilichoanzishwa kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, nanyi wenyewe mkakigeuza hifadhi ya taifa mwaka 2013. Msiwasikilize. Kisiwa kina nafasi, mimi nina mita 20 kwa 30.

Mkininyima kibali, sitalalamika. Naweza hata kuwasaidia kuandika sababu: eneo ni dogo, sakafu ni ya zege, maji hayatoshi, hatakuwa na ndugu zake, hakuna daktari mwenye uzoefu wa mnyama wa aina hiyo, na mwombaji hana hakika hata ya jinsia. Ni sababu za haki na nitazipokea kwa mikono miwili. Ombi langu pekee ni kwamba ziandikwe kwa tarehe na mhuri, na nakala moja iwekwe katika faili la wale ndama wanne wa mwaka 2009, maana zilikuwa kweli zote siku ile walipoondoka. Nakala nyingine ipelekwe Karachi. Kule wamebaki wawili, na wizara iliyoona kiwanja changu hakifai inaweza kuwa na neno la kuwaambia wanaowafuga.

Nikikubaliwa, naomba kibali kitoke kabla ya Nane Nane.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ipagala

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, kwa taarifa.
Mwalimu Mkuu wa chekechea jirani, asiuze kiwanja kwanza.