Mlima Unasingiziwa

Aaah, jamani! Sisi watu wa Morogoro tutaenda kumjibu nini Mungu kwa mlima huu tunaousingizia? Intaneti ikisuasua, "mawingu ya Uluguru hayo." Kompyuta zikigoma kusomana, "si unaona ukungu ulivyoshuka Bigwa?" Mlima umejikalia zake kimya, unatunywesha sisi na wa Dar es Salaam kwa maji ya Ruvu, halafu shukrani ndiyo hii. Mschew!

Hebu sikieni la jirani yangu mwenye gesti huku Kihonda. Kafunga kamera nne. Mchana zinaona mpaka sisimizi. Likiingia giza, ya geti la nyuma inazima, inawaka, inazima, usiku kucha. Yaani kamera ina wiki moja kazini, tayari imeshaiga tabia za mlinzi! Bwana mkubwa akatoa hukumu: baridi ya mlimani.

Kijana mmoja wa hapa kijiweni, mtundu wa umeme, akaomba kipande cha ile kebo. Akachukua wembe, akakwaruza uzi mmoja taratibu. Juu wekundu wa shaba, ndani mweupe pee! Alumini iliyopakwa shaba, kama bangili ya mnadani. Na ubavuni mwa kebo pameandikwa wazi: CCA, ndiyo alumini iliyovikwa shaba yenyewe. Mwenye gesti anasema herufi aliziona, ila muuzaji alimwambia ni jina la kiwanda. Loh! Mwizi kaja na kitambulisho shingoni, sisi tunamsogezea kiti.

Kamera hizo umeme wake unapita kwenye kebo hiyohiyo inayorudisha picha. Giza likiingia zinawasha taa zake za kuonea usiku, njaa inapanda. Sasa alumini hiyo inaukaba umeme kuliko shaba kwa nusu nzima na ushei, na geti la nyuma liko kama mita 90. Umeme unafika kule hoi, unaomba maji.

"Lakini fundi alipima!" Alipima na nini, baba? Kile kitesta chenye taa nane. Moja, mbili, tatu, mpaka nane, zote kijani, lete hela yangu. Taa zile zinasema tu kwamba kila uzi umefika kwake. Hata seng'enge ukiiunga zitawaka! Ile mashine ya maana, inayopima upinzani na kukamata nyuzi zinazopigana umbea humo ndani, fundi wetu anaijua kwa picha.

Na ni watu hawahawa, we! Wapeleke soko la Chifu Kingalu uone. Nanasi litanuswa kitako, ndizi zitabinywa moja moja, muuza nyanya ataapishwa kwa jina la mama yake. Kebo, boksi la mita 305, wananunua kwa rangi: "Nipe ile ya bluu." Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini, boksi linanyanyuliwa kama la pamba, na hakuna anayeshtuka.

Wenye pesa nao, "mimi nimehamia faiba." Hongera. Baba wa hiyo faiba, Charles Kao, alishasema tangu 1966 kwamba adui wa mwanga kwenye kioo ni uchafu uliomo. Akapewa Nobel 2009, mwaka uleule mkongo wa SEACOM ulipofika Dar. Dunia imehangaika miaka yote hiyo kusafisha kioo chembamba kama unywele, fundi wetu anakuja kuifuta ncha na shati. Shati lililotoka kula vitumbua! Halafu anaichungulia kwa jicho aone kama mwanga unapita. Mwanga wenyewe hauonekani, na jicho jingine haliuzwi Msamvu.

Basi tukamwambia mwenye gesti avute kebo mpya, shaba tupu. Akauliza bei. Akaguna. Akauliza tena, akaguna zaidi, akaondoka. Jana jioni napita nyuma kwake, nanyanyua macho: ile kamera imevishwa soksi ya sufu, jicho tu ndilo liko nje.