Mkia wa Kiungo

Mjomba ni karani mstaafu na katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Barua pepe zake huziandika kwa maandishi matupu: hakuna rangi, hakuna kitufe, hakuna picha ya waridi. Barua, husema, si khanga.

Siku moja akatutumia kiungo cha kikao cha mtandaoni, kirefu ajabu. Kanuni za barua pepe zinashauri mstari usizidi herufi 78, na programu ya Mjomba ni tiifu kuliko wanawe. Ilipofika mpakani ikakata. Kichwa cha kiungo kikawa cha buluu, mkia ukabaki chini, mweusi, hauna kazi. Waliobofya waliambiwa ukurasa haupo. Shangazi akapiga simu akilia kwamba ameondolewa kwenye kamati kijanja.

Mjomba akatuma kingine, kifupi. Lakini karani hawezi kumaliza sentensi bila nukta, na baadhi ya programu huibeba nukta ile kama sehemu ya anwani. Ukurasa haupo tena! Nikamweleza kwamba kanuni za anwani za mwaka 2005 zinapendekeza kukizungushia kiungo alama za < na >. Akaniuliza tangu lini nukta imekuwa kosa la jinai.

Bibi harusi akaona aibu, akaandaa barua ya HTML yenye waridi tele na maneno mawili: "Bofya hapa." Bahati mbaya, Mjomba huchapisha kila barua kabla ya kuisoma. Akanijia na karatasi, kidole kikigongagonga.

"Hapa wapi, mpwa wangu?"

Nilicheka, lakini ndilo swali ambalo wengi wetu hatuulizi. Kwenye HTML, maneno unayoyaona na anwani unakopelekwa ni vitu viwili tofauti. Tapeli anaweza kuandika jina la benki yako juu, na chini yake akaficha njia ya kwenda kwake. Maandishi matupu ya Mjomba yanavunjika, ndiyo, ila yanakuonyesha unakokwenda. Mimi niko upande wake, ingawa kimyakimya. Zawadi ya bibi harusi bado sijanunua, sitaki kumuudhi zaidi.

Hatimaye Mjomba akampigia simu kila mjumbe na kumsomea anwani herufi kwa herufi.

"Mkwaju mmoja au miwili?" Shangazi akauliza, akimaanisha alama ya /.

"Miwili, shemeji. Miwili!"

Wakabishana mpaka salio likakata. Sijathubutu kuwaambia kwamba Tim Berners-Lee mwenyewe, aliyebuni anwani hizo, alikiri mwaka 2009 kuwa mikwaju ile miwili haikuwa na ulazima wowote.