Hodi ya Mwenye Bastola

Wapendwa wa nyumbani,

Mnauliza kama ni kweli huku Ohio, Marekani, mtu anaweza kuendesha gari na bastola kiunoni, akasimamishwa na polisi, akaachwa aende zake kama aliyekutwa na embe. Ni kweli, akijaliwa. Tangu tarehe 13 Juni 2022 mtu wa miaka 21 na kuendelea, ambaye sheria haijamkataza kumiliki silaha, anaruhusiwa hapa Ohio kuficha bastola chini ya shati bila kibali cha mtu yeyote. Kinyozi wa huku hawezi kukunyoa kihalali bila leseni ya jimbo, ila aliyeketi kitini akinyolewa anaweza kuwa na bastola na asiwe hata na karatasi. Hadi mwaka 2024 majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa yamefika huko. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Marekani wana silaha za moto zipatazo milioni 393, yaani zinawazidi watu wenyewe, vichanga wakiwemo. Sasa chukueni hesabu hiyo muiweke barabarani, ambako, kwa hesabu za watafiti wa Stanford, polisi husimamisha madereva zaidi ya 50,000 kwa siku ya kawaida. Askari anatembea kuelekea dirishani, dereva ana silaha halali, na hakuna kati yao anayejua mwenzake anawaza nini. Nani aanze kusema?

Kwetu jambo hili lilikwisha zamani: anayekuja mlangoni ndiye anayepiga hodi. Mwenye nyumba kazi yake ni kuitikia karibu. Marekani wameigeuza. Afande ndiye anayekuja mlangoni mwako, taa za buluu na nyekundu zikizunguka nyuma yake kama harusi ya watu wenye pesa, halafu majimbo kadhaa yanakutaka wewe uliyekaa ndani upige hodi: “Afande, nina silaha.” Mimi nasema hodi hiyo inamhusu anayekuja. Kabla ya leseni na kadi ya gari, askari aulize kama kuna silaha, kisha aseme mikono ikae wapi. Sheria inayomwachia dereva kazi hii imemkabidhi mgeni wa jikoni mwiko huku mpishi amekaa pembeni akitazama.

Tazameni kwanza mchafukoge wa sheria zenyewe. Michigan inamtaka mwenye kibali cha kubeba bastola aseme papo hapo anaposimamishwa, na kosa la kwanza la kunyamaza lina faini ya dola 500. Ohio nayo ilikuwa na sharti la namna hiyo hadi Juni 2022, ikalibadilisha: sasa useme ukiulizwa. Mji wa Toledo uko Ohio, mpakani kabisa na Michigan. Dereva akitoka mjini kuelekea kaskazini anavuka mpaka kabla wimbo wa redioni haujaisha, na kunyamaza kulikokuwa haki yake ubeti wa kwanza kumegeuka kosa kwenye kiitikio. Minnesota inataka ujibu ukiulizwa. Texas inataka mwenye kibali akitoe pamoja na kitambulisho anapodaiwa kitambulisho, lakini adhabu ya kutofanya hivyo ilifutwa mwaka 2009, kwa hiyo sharti limebaki kama mwalimu aliyenyang’anywa fimbo. Bango la kukukaribisha jimboni lina jina la gavana na wakati mwingine picha ya ua. Habari ya lini ufumbue mdomo haimo.

Hata ukizikariri zote, zinashughulika na ulimi, na hatari iko mikononi. Mnajua desturi yetu. Trafiki mwenye sare nyeupe akipunga mkono, dereva anaegesha pembeni, anashuka, anamfuata kwa tabasamu, “Shikamoo mkuu,” na mkono mmoja tayari uko mfuko wa nyuma unatafuta pochi. Huo ndio ustaarabu. Huku kila hatua ya ustaarabu huo ni king’ora. Kushuka ni king’ora, kumsogelea askari ni king’ora, na mkono kwenda nyuma ya kiuno ndio mkubwa wa ving’ora vyote. Wanaofundisha madereva wanasisitiza uzime injini, uteremshe kioo, usiku uwashe taa ya ndani, kisha mikono miwili ikae juu ya usukani, imetulia kama ya bibi harusi anayesubiri hina ikauke. Texas ilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba wanafunzi wa sekondari na wanaojifunza udereva wafundishwe jinsi ya kukaa na askari anapowasimamisha. Jimbo zima linawafundisha watoto kukaa kimya ndani ya gari, lakini ukimya huo una mwisho: baada ya salamu askari anadai kadi ya gari, na kadi ya gari inakaa kwenye kile kisanduku cha dashibodi, palepale madereva wengi wanapolaza bastola. Ameomba karatasi, mkono umeenda kwenye silaha, na wote wawili wametii utaratibu.

Lugha nayo haisaidii. Sisi tuna neno silaha, lenye adabu, linaloweza kusemwa mbele ya wakwe. Kiingereza cha barabarani kina neno fupi la silabi moja, na neno hilohilo ndilo askari hupigiana kelele wanapoona hatari. Ndiyo maana wakufunzi wa vibali humshauri mtu aanze na kibali, silaha ifuate baadaye katika sentensi. Maisha ya mtu yanategemea sarufi.

Na kuna aliyetimiza yote. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa. Alikuwa na miaka 32, msimamizi wa chakula katika shule moja ya Saint Paul, na alikuwa na kibali halali cha kubeba bastola. Askari aliomba leseni na bima. Castile alitoa karatasi ya bima, kisha kwa sauti ya utulivu na heshima akamwarifu askari kwamba ana silaha. Sheria ya Minnesota ilimtaka ajibu akiulizwa tu, naye hakuwa ameulizwa. Alipiga hodi kwa hiari yake. Askari alimwambia asiichukue, yeye akasema haichukui, mwenzake aliyekaa kando yake naye akasema haichukui, na risasi saba zikafyatuliwa. Yote hayo yalichukua sekunde chache. Mwaka 2017 baraza la mahakama lilimwona askari hana hatia, na mji uliomwajiri ukakubali kumlipa mama wa marehemu karibu dola milioni tatu. Mbele ya kisa hiki siwezi kutania. Naona tu mpangilio wake: ombi la karatasi lilitangulia, habari ya silaha ikafuata, na mkono ukawa kati ya amri mbili, moja ikisema leta na nyingine ikisema usiguse. Swali la silaha lingetangulia, amri ya pili isingegongana na ya kwanza.

Najua mjomba atasema: haki ni haki, pale sheria isiponilazimisha nitanyamaza, atajuaje? Atajua, mjomba. Hapa Ohio jina la mwenye kibali likiingizwa kwenye kompyuta ya gari la polisi, kibali kinaonekana, na ukimya wako utasomwa kabla hujausherehekea. Zaidi ya hapo, katika kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms ya mwaka 1977, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba askari aliyemsimamisha dereva kihalali anaweza kumwamuru ashuke garini. Bwana Mimms alikuwa amesimamishwa Philadelphia kwa namba za gari zilizopitwa na wakati. Aliposhuka askari akaona uvimbe chini ya koti, na uvimbe ukawa bastola yenye risasi tano. Koti halitunzi siri za mtu anayesimama.

Shangazi, ambaye huwahurumia askari tangu enzi za marehemu babu, atasema hao nao wana watoto nyumbani na woga wao una sababu. Una sababu, na katika nchi yenye silaha milioni 393 asiyeogopa kidogo labda hajahesabu. Lakini mwenye woga huyo analipwa mshahara, amefunzwa, na kazi hii anaifanya kila siku. Dereva anaifanya mara chache, akitetemeka, pengine kwa lugha aliyoanza kuiota juzi. Mzigo apewe mzoefu. Wapo pia watakaosema mhalifu atadanganya akiulizwa. Atadanganya, kama ambavyo leo hapigi hodi hata Michigan. Swali hili ni la kumlinda mkweli.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni jingine: swali la silaha laweza kuwa mlango wa upekuzi, hasa kwa dereva mweusi, ambaye kila swali kwake lina mkia. Sina dawa kamili. Ninachoweza kutaka ni kwamba madereva wote waulizwe, kwa maneno yaleyale, na jibu la ndiyo kutoka kwa mwenye haki liishie kwenye mikono, lisifike kwenye buti la gari. Mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez, Mahakama ya Juu ilisema askari asirefushe usimamishaji kupita shughuli iliyouanzisha, isipokuwa ana sababu nyingine ya kushuku. Kwa sekunde tatu za swali sidhani kama mtu ataandika rufaa.

Bwana mdogo anayekuja kusoma asije akasikia “bila kibali” akadhani ni karamu ya wote. Sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenye viza za muda, wanafunzi wakiwemo, kumiliki au kushika silaha, hata jimbo liwe limelegeza namna gani. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa huku, nami namwomba asiuchukulie kama mwaliko: kosa la silaha ni miongoni mwa yale yanayomfukuzisha mgeni nchini, hata mwenye makazi ya kudumu. Abebe vitabu.

Na mjomba akija kututembelea kiangazi, mwambieni tunamsubiri kwa hamu. Gari atapewa. Akisimamishwa, shikamoo aitoe akiwa amekaa, asiteremke kumpa afande mkono.

Wenu wa Ohio.