Matabibu wa Langoni

Tretinoini, dawa itokanayo na vitamini A, ambayo tangu miaka ya 1970 matabibu huagiza ipakwe usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, aghalabu huzizidisha chunusi majuma ya mwanzo kabla ya kuzipunguza. Daktari alinieleza hayo bayana, ila hakuwaeleza majirani zangu wa mtaa wa Fedha. Basi ngozi ilipoanza kubanduka puani, kila niliyekutana naye langoni aligeuka tabibu: huyu anikataza maziwa, yule anisifia liwa, na mama mboga, huku akinikatia sukuma, aniuliza, “Mwanangu, nyumbani kuna amani?” Aliyenihimiza zaidi niitupe dawa yangu, eti ina kemikali, ni bibi wa ghorofa ya tatu, ambaye uso umemweupa kwa krimu isiyo na jina wala anwani, ilhali vifundo vya vidole vingali na rangi aliyozaliwa nayo.