Namna ya Kulala Wawili kwenye Godoro la Futi Mbili na Nusu

Kanuni za hosteli utazisaini siku ya kwanza, karatasi umeiweka juu ya begi, foleni nyuma inasukuma. Zitasema mgeni halali chumbani. Saini bila wasiwasi. Inawezekana kabisa aliyeziandika naye alibebwa enzi zake.

Maana kubebana, mwenye kitanda kumlaza asiye na kitanda muhula mzima, kumeletwa na hesabu. Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 ya hosteli yenye nafasi 3,840, na furaha ilikuwa kubwa. Ila wanafunzi wa chuo kile wanavizidi vitanda hivyo mara kadhaa. Upande wa Temeke, DUCE, chuo kishiriki cha elimu, ilianza mwaka 2005 Chang'ombe, palipokuwa na chuo cha ualimu, na anayekosa kitanda pale huishia kutafuta chumba Keko au Mtoni, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi. Boom la Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Hata ukipiga pasi ndefu, chai ya asubuhi mpaka ubwabwa wa usiku, kodi hiyo huifikii. Ndipo mtu anakumbuka kwamba mlisoma wote Kidato cha Sita.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuchagua wa kumbeba. Tabia utaivumilia, angalia umbo. Godoro la hosteli ni futi mbili na nusu kwa sita, na mtu mwenye mabega ya kushusha viroba Kariakoo atakubandika ukutani. Laleni mzungu wa nne. Kila mmoja atalala uso kwa uso na nyayo za mwenzake, kwa hiyo suala la soksi limalizwe kabla taa haijazimwa. Na kama kitanda chako ni cha juu kwenye dabo deka, kumbuka chini yako yupo binadamu anayesikiliza chaga zikilia, akijiuliza ni ipi itaanza kukatika.

Binadamu huyo ndiye wadeni wako halisi. Wadeni mwenye cheo hupita mara moja moja. Rumeti yupo kila usiku. Muombe mapema, tena kwa adabu:

"Mwanangu, mdogo wangu anaomba alale leo."

"Leo tu?"

"Leo tu, mwanangu."

Wote wawili mnajua kwamba leo hiyo itaisha UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikiisha. Mnaona pia kwamba huyo mdogo ana ndevu kukuzidi. Lakini umeomba, naye ameombwa, heshima imekaa mahali pake. Mtu wa ziada peke yake hajawahi kuvunja chumba. Chumba huvunjika asubuhi, rumeti anapokuta sabuni yake imelowa kwenye beseni, imebaki nusu, na kila mtu ana ushahidi kwamba hakuwepo.

Aliyebebwa naye alipe. Hela hana, kwa hiyo alipe kwa mwili: bomba likikauka, yeye ndiye wa kwanza kushika ndoo na kupanda ngazi. Adeki bila kuambiwa. Wahenga walitaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Wangeishi ghorofa ya tatu bila maji, wangempa ndoo siku ile ile ya kwanza.

Mgeni wa jinsia nyingine ni somo jingine. Hapa kanuni ni kali zaidi, na utekelezaji wake unategemea mlinzi wa getini anaangalia upande gani. Ushauri wangu ni mfupi: taja saa. "Nipishe kidogo" haina mwisho. Mwenzako atakaa kijiweni mpaka simu imzimikie na mbu washibe. Kupisha kuna ada, chipsi mayai ndiyo kima cha chini, na hulipwa kabla ya huduma.

Wa kuogopwa kuliko wote, hasa Chang'ombe, ni mgeni wa dabi. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007 na kuchukua watu 60,000, upo jirani tu na DUCE, na Simba na Yanga wakikutana utagundua una ndugu Morogoro. Anafika na jezi, vuvuzela na njaa, mswaki kasahau. Timu yake ikishinda, ataondoka alfajiri akiimba, na jengo zima litajua nani alimlaza. Ikifungwa, ataugua. Atajilaza kitandani kwako kwa siku kadhaa akimlaumu mwamuzi, na nauli ya kurudi atasema aliiweka kwenye mkeka wa kubeti. Huyu usimhurumie. Mtafutie nauli hata kwa kukopa, msindikize mpaka kituo cha daladala, na usiondoke mpaka uone gari limekata kona.

Umebaki ukaguzi wa usiku. Mlango ukigongwa, hakuna kujificha chini ya kitanda, huko kuna mabegi na pengine mtu mwingine. Aliyebebwa akae mezani, afungue daftari, ajifanye alikuja kujisomea usingizi ukampitia. Akiulizwa jina, ataje lake mwenyewe. Wengi hupaniki wakataja la mwenye kitanda, na mwenye kitanda amesimama pale pale, kavaa khanga, ameshataja lake.