Mkazo wa Kiitaliano kwa Njia za Mkato

Unataka Mwitaliano pale Malindi akusikie ukitamka vitenzi vyake, ageuke, aulize Roma ulisoma mwaka gani. Na kitabu cha sarufi hutaki kukifungua. Haja yako ni halali. Sogea nikuonyeshe vichochoro.

1. Anza na mali yako. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano mara nyingi hufanya hivyo hivyo. Parlo, parliamo, parlate: uachie ulimi uende ulikozoea. Heshima umeshaanza kuipata, na jasho halijakutoka.

2. Jihadhari na "wao". Hapa ndipo wajuaji wanapoumbuka. Usiseme parlàno hata kwa bahati mbaya! Shika "mimi", pàrlo, uache mkazo palepale, kisha bandika mkia: pàr-la-no. (Alama nimeziweka mimi, katikati ya neno wenyewe hawaziandiki.) Àbito inazaa à-bi-ta-no, telèfono inazaa te-lè-fo-na-no, mkazo umerudi hadi silabi ya nne kutoka mwisho. Utahisi umekazia mapema mno. Vumilia, ndivyo ilivyo. Ukiteleza, maana inageuka: càpitano ni "hutokea", capitàno ni nahodha, capitanò ni "aliongoza". Zoezi hili lirudie bafuni mpaka likae. Ndilo litakalokupa sifa kuliko mengine yote.

3. Konsonanti pacha zikate katikati: leg-go. Ikae g kidogo mdomoni, isikike. Lakini s iliyofuatwa na konsonanti nyingine usiitenge na mwenzake: ca-pi-sco. Na parliamo ni par-lia-mo, silabi tatu. Ulimi wetu utadai ya nne, unyime.

4. Parlò, parlerò: mkazo uko mwisho na alama imeandikwa. Soma tu.

5. Vitenzi vya -are na -ire vinapotajwa bila nafsi havisumbui: parlàre, finìre. Vya -ere ndivyo vigeugeu, na umbo lake halikuambii kitu. Kariri vile vya kila siku: avére, sapére, potére, dovére, volére, vedére. Kisha lèggere, scrìvere, prèndere, ambavyo mkazo wake umerudi nyuma. Chochote kikikukwama mbele ya watu, kikwepe: acha "kusoma", sema "nasoma", leggo, halafu agiza kahawa haraka kabla hujaulizwa swali.